Ardhi Iliyodaiwa Haina Mwenyewe

Tarehe 22 Agosti 1770, kabla jua halijazama, nahodha James Cook alishuka kwenye kisiwa kidogo karibu na ncha ya kaskazini-mashariki mwa Australia. Akapandisha bendera ya Uingereza na kutwaa, kwa jina la Mfalme George wa Tatu, pwani yote ya mashariki aliyokuwa ameipita kwa miezi minne. Bunduki zikalia mara tatu, na mabaharia waliobaki melini wakajibu. Maagizo ya siri aliyopewa kabla ya kung'oa nanga yalimtaka atwae ardhi kwa ridhaa ya wenyeji. Ridhaa hiyo hakumwomba mtu yeyote.

Wenyeji aliwaona. Tarehe 29 Aprili, alipotaka kutia mguu ufukweni kwa mara ya kwanza huko Botany Bay, wanaume wawili wa ukoo wa Gweagal walimkabili kwa mikuki, na watu wake wakawafyatulia risasi. Siku baada ya siku aliandika juu ya moshi uliopanda kutoka nchi kavu. Hata hivyo, nchi hiyo ilichukuliwa kama pori lisilo na mwenyewe. Kwingineko, kama Amerika Kaskazini na New Zealand, Waingereza waliandikiana mikataba na wenyeji, ingawa mingi walikuja kuivunja. Australia, serikali yao haikuutambua hata mmoja. Karibu yote yaliyowapata Waaborijini katika karne mbili zilizofuata yana mzizi hapo.

Kabla ya 1788: nchi na wenyewe

Waaborijini wameishi Australia kwa zaidi ya miaka 50,000. Hawakuwa kabila moja. Zilizungumzwa lugha zaidi ya 250, na kila ukoo ulijua mipaka ya nchi yake, visima vyake, mahali pake pa matambiko na wageni waliostahili kupita. Nyasi zilichomwa kwa majira maalumu ili majani mabichi yachipue na kangaruu waje kulisha.

Kusini-magharibi mwa jimbo linaloitwa leo Victoria, watu wa Gunditjmara walichonga mifereji katika mawe ya volkano na kujenga kuta za kuelekeza maji, wakanasa mikunga na kuwatunza kwenye mabwawa. Kazi hiyo, mahali paitwapo Budj Bim, ilianza zaidi ya miaka 6,000 iliyopita, na mwaka 2019 UNESCO ilipaingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Kaskazini kulikuwa na biashara ya ng'ambo. Mabaharia wa Makassar, katika kisiwa cha Sulawesi, walifika kila mwaka kwa pepo za msimu, kama majahazi ya Uarabuni yalivyoletwa Zanzibar na kaskazi, wakitafuta majongoo bahari ya kuuza China. Waliwapa Wayolngu wa Arnhem Land visu, mashoka, tumbaku na mchele, na upepo ulipogeuka wakarudi kwao. Hawakudai nchi. Katika bahari hiyohiyo, kwenye kisiwa cha Marchinbar, askari mmoja wa Australia aliokota mwaka 1944 sarafu tano za shaba zilizofuliwa Kilwa enzi za masultani wake. Zilifikaje huko, wanahistoria wangali wanabishana.

1788–1802: ndui na mikuki

Uingereza haikuifuata Australia kwa dhahabu wala viungo. Ilitafuta pa kupeleka wafungwa. Makoloni ya Amerika yaliyokuwa yakiwapokea yalijitangazia uhuru mwaka 1776, na magereza yakafurika. Tarehe 26 Januari 1788, merikebu 11 chini ya Gavana Arthur Phillip zilikuwa zimetia nanga Sydney. Zilileta watu zaidi ya 1,000, wengi wao wafungwa. Phillip aliagizwa kuishi na wenyeji kwa wema. Kununua ardhi yao hakuagizwa.

Pigo la kwanza kubwa lilikuwa maradhi. Mnamo Aprili 1789 maiti zenye vidonda vya ndui zilianza kuonekana fukweni na mapangoni. Inakadiriwa kwamba nusu ya wenyeji wa eneo la Sydney, pengine zaidi, walikufa kwa muda mfupi. Katika kambi ya Waingereza alikuwamo kijana aitwaye Arabanoo, aliyetekwa kwa amri ya Phillip ili ajifunze Kiingereza awe mkalimani. Alipochukuliwa kwa mashua kwenda kuwatafuta watu wake, alikuta fukwe tupu, bila hata nyayo mchangani. Akarudi, akawauguza watoto wawili waliookotwa wakiwa hoi, wakapona. Yeye mwenyewe akafa kwa ndui mwezi Mei.

Waliosalia walipigana. Walowezi walikuwa wakipanda mahindi kwenye kingo za mto Hawkesbury, palepale wanawake walipozoea kuchimba viazi vikuu, na njaa ikawa chanzo cha vita. Kwa takriban miaka 12, Pemulwuy wa ukoo wa Bidjigal aliongoza uvamizi wa mashamba na uchomaji wa mazao. Mwaka 1797 alipigwa risasi kadhaa huko Parramatta, akalazwa chini ya ulinzi, kisha akatoroka na pingu mguuni. Aliuawa mwaka 1802. Kichwa chake kilipelekwa Uingereza kwa mwanasayansi Joseph Banks. Gavana Philip Gidley King, aliyekuwa ametangaza zawadi kwa atakayemkamata, alikiri katika barua kwamba Pemulwuy alikuwa mtu jasiri.

1813–1838: kondoo waingia, watu watolewa

Kwa miaka 25 koloni lilibanwa baina ya bahari na Milima ya Blue. Mwaka 1813 ikapatikana njia ya kuivuka, na ng'ambo yake kulikuwa na mbuga zisizo na mwisho. Viwanda vya nguo vya Uingereza vilihitaji sufu. Makundi ya kondoo yakasukumwa bara, na kila palipokuwa na maji, mfugaji Mzungu akaweka kambi.

Mnyama huyo mpole alileta maafa makubwa kuliko bunduki. Alichafua visima, alifukuza kangaruu, na kusini aliitafuna mpaka mizizini murnong, mmea ambao mizizi yake mitamu ilikuwa chakula cha kila siku. Mwenyeji mwenye njaa aliyemchoma kondoo mkuki alihesabiwa mwizi, na malipo yake yalikuwa risasi. Mwaka 1824, Wawiradjuri wakiongozwa na Windradyne walipowashambulia wafugaji karibu na Bathurst, gavana alitangaza sheria ya kijeshi kwa miezi kadhaa.

Mwaka 1835 likatokea jambo lililofichua mantiki ya ukoloni huu. Mfanyabiashara John Batman alifika mahali ambapo leo ni Melbourne, akakaa na wazee wa Wawurundjeri kando ya kijito na kuwatolea mablanketi, visu, mashoka, vioo, mikasi na unga wa ngano. Kisha akadai kwamba wamemuuzia ekari zipatazo 600,000. Huenda wazee walizichukua zawadi hizo kama ada ya mgeni anayeomba kupita, jinsi mila yao ilivyotaka. Mkataba ulikuwa wa kilaghai. Ila Gavana Richard Bourke hakuufuta kwa sababu ya ulaghai huo. Alitangaza kwamba ardhi yote ni ya Mfalme, kwa hiyo hakuna mwenyeji anayeweza kuiuza. Kukubali ununuzi wa Batman kungekuwa kukubali kwamba muuzaji alikuwa na mali.

Miaka mitatu baadaye sheria ilijaribiwa kwa namna nyingine. Tarehe 10 Juni 1838, wachungaji 12 wenye silaha walifika Myall Creek, kaskazini mwa New South Wales, wakawafunga kwa kamba moja ndefu Wawirrayaraay wasiopungua 28, wengi wao wanawake, watoto na wazee, wakaenda kuwachinja na kuichoma miili. George Anderson, mfungwa aliyekuwa akitunza kibanda cha kambi hiyo, alitoa ushahidi. Washtakiwa 11 waliachiwa katika kesi ya kwanza. Serikali ikafungua ya pili, na Desemba mwaka huo watu saba wakanyongwa. Mlowezi aliyewaongoza hakukamatwa kamwe.

Walowezi walighadhibika kwamba Wazungu wamenyongwa kwa ajili ya watu weusi. Mauaji hayakukoma, bali yalifanywa kwa siri zaidi, na sumu ikaongezwa katika unga. Queensland ilikuwa na kikosi cha polisi wenyeji, Waaborijini waliotolewa mikoa ya mbali na kuamrishwa na maofisa wa Kizungu, ambacho kwa miaka mingi kilizisafisha mbuga mbele ya wafugaji. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle, wakiongozwa na Lyndall Ryan, wameweka kwenye ramani zaidi ya matukio 400 ya mauaji ya halaiki kati ya 1788 na 1930, na waliokufa ni zaidi ya 10,000. La mwisho kubwa kufanywa na polisi lilitokea Coniston mwaka 1928. Serikali ilikubali kwamba watu 31 waliuawa. Wenyeji wanasema ni zaidi sana.

1803–1876: Tasmania

Kisiwani Tasmania mambo yalikwenda haraka zaidi, kwa sababu hapakuwa na pa kukimbilia. Waingereza walianza kukaa huko mwaka 1803, wakakuta wenyeji elfu kadhaa. Katika miaka ya 1820 kondoo walienea na vita vikapamba moto. Gavana George Arthur alitangaza sheria ya kijeshi mwaka 1828. Miaka miwili baadaye alipanga watu zaidi ya 2,000, askari, wafungwa na walowezi, katika mstari mmoja wa kuwaswaga wenyeji kama wanyama wa mawindo. Operesheni hiyo ya wiki kadhaa ilinasa watu wawili.

Kilichoushinda mstari kilifanywa na ahadi. George Augustus Robinson, mjenzi mcha Mungu, alizunguka kisiwa akifuatana na wenyeji, miongoni mwao msichana Truganini, akiwashawishi waliosalia wajisalimishe wapate hifadhi. Walipelekwa kambi ya Wybalenna katika kisiwa cha Flinders, wakavishwa nguo za Kizungu, wakafundishwa Biblia na kufa kwa vifua na huzuni. Walipelekwa kama 200 kwa jumla. Kambi ilipofungwa mwaka 1847, walirudishwa 47.

Truganini alifariki mwaka 1876. Alikuwa ameomba asikatwekatwe na wanasayansi, lakini mifupa yake ilifukuliwa na kuwekwa kwenye kabati la jumba la makumbusho la Hobart hadi 1947. Ilichomwa na majivu yake kumwagwa baharini mwaka 1976. Vitabu vya shule vilimwita Mtasmania wa mwisho, jambo ambalo si kweli. Fanny Cochrane Smith, aliyezaliwa Wybalenna, aliishi hadi 1905 na sauti yake ikiimba nyimbo za kwao ilirekodiwa kwenye mitungi ya nta. Maelfu ya wazao wa Watasmania hao wapo leo.

1863–1924: Coranderrk

Vita vilipotulia kusini, serikali za makoloni zilianza kuzungumzia "ulinzi". Maana yake ilikuwa makazi ya kutengwa, posho ya unga, chai na sukari, na ofisa aliyeamua nani aingie, nani atoke na nani aoe.

Mwaka 1863, wazee Simon Wonga na William Barak waliwaongoza watu wao kuvuka milima hadi bonde lililo karibu na Healesville, kaskazini-mashariki mwa Melbourne. Wakajenga kijiji wakakiita Coranderrk. Walifyeka msitu, wakalima ngano na mboga, kisha wakapanda hopsi, zao la kutengenezea bia, lililouzwa kwa bei nzuri Melbourne. Ndani ya miaka kumi kijiji kilikuwa na nyumba na shule, na kilikaribia kujitegemea.

Mafanikio yakakigeuka. Walowezi wa jirani waliitamani ardhi iliyokwisha kufyekwa, na bodi ya serikali ikamwondoa msimamizi aliyependwa na wakazi na kupanga kuwahamisha. Barak na wenzake walitembea kwa miguu hadi Melbourne, safari ya kama kilomita 60, kuwaona mawaziri. Waliandika malalamiko kwa wabunge na magazeti, na mwaka 1881 bunge likaunda tume iliyowasikiliza wenyeji wakitoa ushahidi kwa vinywa vyao wenyewe. Walishinda kwa muda mfupi. Mwaka 1886 sheria mpya iliamuru chotara wote wenye umri chini ya miaka 34 waondoke makazini. Wenye nguvu za kulima wakafukuzwa, wazee wakabaki na watoto, shamba likadorora, na kudorora huko kukawa sababu ya kuchukua ardhi zaidi. Coranderrk ilifungwa mwaka 1924.

1905–1970: watoto

Makoloni yalipoungana kuwa taifa mwaka 1901, katiba ilisema Waaborijini wasihesabiwe katika idadi ya watu. Wengi wa watawala waliamini kwamba wenyeji halisi watakwisha wenyewe. Waliowasumbua walikuwa watoto waliozaliwa na mama Mwaborijini na baba Mzungu, ambao idadi yao ilikuwa ikipanda.

Australia Magharibi ilipitisha sheria mwaka 1905 iliyomfanya ofisa mmoja, Mlinzi Mkuu, kuwa mlezi kisheria wa watoto wa Kiaborijini hadi umri wa miaka 16. Mama hakuwa na sauti. A. O. Neville, aliyeshika cheo hicho kuanzia 1915 hadi 1940, aliamini kwamba chotara wakitengwa na ndugu zao na kuozwa kwa weupe, weusi utafutika katika vizazi vichache. Majimbo mengine yalikuwa na sheria zinazofanana. Polisi walifika kambini kwa farasi, baadaye kwa gari. Mama wengine waliwapaka watoto wao masizi ili waonekane weusi tii.

Mwaka 1931 Molly, msichana wa miaka kama 14, alichukuliwa Jigalong pamoja na wadogo zake Daisy na Gracie, akapelekwa kambi ya Moore River, kaskazini mwa Perth. Wakatoroka karibu mara moja. Molly alijua kwamba uzio mrefu uliojengwa kuzuia sungura unapita Jigalong, wakaufuata kwa miguu. Gracie alikamatwa njiani. Molly na Daisy walifika kwao baada ya kutembea takriban kilomita 1,600. Binti yake Molly, Doris Pilkington Garimara, aliandika kitabu juu ya safari hiyo, na mwaka 2002 ikatengenezwa filamu.

Wengi hawakurudi. Wasichana walifunzwa utumishi wa ndani, wavulana kazi za shamba, na mishahara yao mara nyingi ilishikwa na serikali na isilipwe. Uchunguzi wa kitaifa uliotolewa mwaka 1997 ulikadiria kwamba kati ya 1910 na 1970, mtoto mmoja katika kila watatu hadi mmoja katika kila kumi aliondolewa kwa nguvu kwa familia yake.

1938–1976: mgomo wa wachunga ng'ombe

Tarehe 26 Januari 1938, Wazungu wakisherehekea miaka 150 ya koloni, Waaborijini walikutana Sydney na kuitangaza kuwa siku ya maombolezo. Haki ya kupiga kura katika uchaguzi wa taifa ilikuja mwaka 1962. Miaka mitano baadaye asilimia 90.77 ya wapigakura walikubali kubadili katiba ili Waaborijini wahesabiwe na serikali kuu iweze kutunga sheria zinazowahusu.

Zamu ya ardhi ilianzia kwenye ranchi. Huko Wave Hill, kaskazini, Wagurindji walichunga ng'ombe wa kampuni ya bwana tajiri wa Kiingereza, Lord Vestey, katika nchi ya babu zao, kwa posho ya unga, nyama, chai na tumbaku na ujira mdogo mno. Tarehe 23 Agosti 1966, Vincent Lingiari aliwaongoza watu wapatao 200 kuondoka kazini. Wazungu walidhani ni mgomo wa mishahara. Wagurindji walipiga kambi Wattie Creek na kusema wanataka nchi yao. Mgomo wao ulidumu miaka tisa.

Tarehe 16 Agosti 1975 Waziri Mkuu Gough Whitlam alifika na hati ya sehemu ya ardhi hiyo. Alichota mchanga, akaumimina katika kiganja cha Lingiari, mzee wa kofia pana aliyekuwa ameanza kupoteza nuru ya macho. Tendo lenyewe lilifanyika kivulini. Mpigapicha Mervyn Bishop, naye Mwaborijini, aliwaomba watoke juani walirudie, na picha hiyo ya pili ndiyo iliyosambaa duniani. Mwaka uliofuata bunge lilipitisha sheria ya haki za ardhi kwa Eneo la Kaskazini (Northern Territory).

1982–1992: kesi ya Mabo

Hata hivyo, Wagurindji walipewa ardhi na serikali. Sheria haikukubali kwamba walikuwa nayo tangu mwanzo.

Aliyelivunja hilo hakuwa Mwaborijini wa bara. Eddie Koiki Mabo alizaliwa kisiwani Mer, katika Mlango wa Torres, akafanya kazi ya bustani katika chuo kikuu cha James Cook mjini Townsville. Mwaka 1974, katika mazungumzo na wanahistoria Henry Reynolds na Noel Loos, aliwaeleza habari za shamba lake kisiwani. Wakamwambia kwamba kisheria shamba si lake, ni la serikali. Alipigwa na butwaa, kwa maana Mer kila familia ilijua mpaka wake, na kuvuka mpaka wa jirani ni kosa kubwa.

Mwaka 1982 Mabo na wenzake wanne walifungua kesi. Jimbo la Queensland lilijaribu kuiua kwa kutunga sheria ya kufuta haki zozote za zamani visiwani, nayo Mahakama Kuu ya Australia ikaibatilisha. Mabo alikufa kwa saratani Januari 1992. Tarehe 3 Juni mwaka huohuo, majaji sita dhidi ya mmoja waliamua kwamba wenyeji walikuwa na haki ya ardhi kabla ya Waingereza, na kwamba haki hiyo haikufa bendera ilipopandishwa.

Baada ya hukumu

Sheria ya mwaka 1993 iliruhusu madai zaidi, lakini mzigo wa ushahidi uliwekwa juu ya mdai. Lazima athibitishe kwamba watu wake hawakukata uhusiano na ardhi tangu Waingereza walipoichukua. Waliofukuzwa mapema zaidi, kusini kwenye miji na mashamba mazuri, ndio wanaoshindwa kuthibitisha. Haki za asili sasa zinatambuliwa katika zaidi ya theluthi ya nchi, sehemu kubwa ikiwa jangwa na kaskazini.

Waziri Mkuu Kevin Rudd aliwaomba radhi watoto walioibwa bungeni tarehe 13 Februari 2008. Tarehe 14 Oktoba 2023, wananchi waliulizwa kama katiba iwatambue wenyeji kwa kuwapa chombo cha kulishauri bunge. Takriban asilimia 60 walikataa, na majimbo yote sita yakapiga kura ya hapana. Katika sensa ya 2021 watu 812,728 walijitambulisha kuwa Waaborijini au watu wa Mlango wa Torres, asilimia 3.2 ya taifa. Magerezani wao ni zaidi ya theluthi. New Zealand ilitiliana saini na Wamaori mwaka 1840. Serikali kuu ya Australia haijatia saini mkataba wowote na wenyeji wake.